Mkulima ni Mmoja, Walaji ni Wengi

Barua nyingi tulizopokea msimu huu zahusu karafuu, kama ilivyo desturi: bei, wachumaji, majamvi ya kuanikia na njia za mashamba. Imo moja tu isiyohusu karafuu. Tumeona tuijibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa linaloulizwa humo laweza kumpata kila mwanachama mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, na kwa kuwa jambo lenyewe si dogo kama linavyoonekana.

Barua yatoka Viwanja Sitini, kata mojawapo ya mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Aliyeiandika ni binti wa mwanachama mwenzetu wa Pemba, ambaye kazi imempeleka huko. Wengi wetu twausikia mkoa wa Morogoro kwa sababu ya karafuu zinazolimwa katika milima ya Uluguru. Ifakara imo katika mkoa huo huo, lakini ni mbele zaidi, kusini, nchi tambarare ya mpunga chini ya milima ya Udzungwa. Binti yetu amekulia chini ya mikarafuu, wala hajapata kulima mboga. Kiangazi hiki amepiga matuta matatu uani, la mchicha, la bamia na la nyanya, na pembeni akachomeka matembele. Kila jioni alimwagilia, na mboga zikaota vizuri.

Kisha wakaja wageni. Mchicha ulikutwa asubuhi umebaki vishina. Mbegu za bamia alizorudia kupanda zilifukuliwa. Nyanya ya kwanza kuiva ilikutwa imetobolewa. Jirani mmoja, kwa nia njema, akamshauri anunue dawa ya kuulia wadudu, aichanganye na pumba na dagaa, aiweke kandokando ya matuta usiku, asubuhi awaokote wezi wake. Binti yetu atuuliza kama afanye hivyo.

Jawabu letu ni kwamba asifanye. Wala hatusemi hivyo kwa kumhurumia panya. Tunazo sababu tatu, nazo zafaa kupimwa na kila mkulima.

Ya kwanza ni kwamba hamjui aliyekula. Katika barua yote hapana mahali panaposema kwamba mgeni ameonekana kwa macho. Aliyekula mchicha huenda siye aliyefukua mbegu, na aliyetoboa nyanya huenda ni wa tatu, tena huenda ana mabawa. Kuweka sumu ni kuhukumu, na hukumu hutanguliwa na ushahidi.

Ya pili ni kwamba sumu haichagui. Pumba na dagaa ni chakula cha kuku, cha paka na cha mbwa, na mtoto anayetambaa hajui tofauti. Viwanja Sitini ni mjini, na uani kwa mtu ni hatua chache kutoka uani kwa mwenziwe. Tena panya aliyekula sumu aweza asife papo hapo. Huenda akipepesuka hata anyakuliwe na paka au bundi, na mlaji naye apate sehemu yake. Dawa ya wadudu ina kazi yake iliyoandikwa juu ya kopo, na kiasi chake, na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Kuitia katika chakula ni kuyatupa maandishi hayo yote. Huko Bara shughuli za viuatilifu zasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, wala haikuundwa bure. Na bustani hii ni ya kumlisha mtu na jamaa zake. Hapana maana kuokoa fungu la mchicha kwa kumwaga sumu katika udongo uleule utakaotoa fungu la pili.

Ya tatu ni kwamba sumu haimalizi. Sisi wa visiwani twapaswa kulijua hili kuliko wengine. Kunguru weusi wa mjini walikuja Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakikusudiwa kula taka. Wakawa wezi wa vifaranga na maadui wa ndege wengine. Katika miaka ya 1990 wakapigwa kwa mitego na sumu hata wakapungua sana. Kazi ilipolegea walizaana tena, na taka ziliposhamiri nao walishamiri. Maadamu chakula kipo wazi, mlaji mwingine atakuja kushika nafasi ya aliyekufa.

Na kwa panya hesabu ni mbaya zaidi. Panya shamba, yule mdogo wa mashambani, mimba yake ni kama wiki tatu tu, na jike aweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro, kimemchunguza panya huyu miaka mingi. Imeonekana kwamba huzaana baada ya mvua, na wingi wake hufika kileleni wakati wa kiangazi, mwezi Agosti na kuendelea. Sasa tazama hali ya binti yetu. Mpunga umekwisha kuvunwa, majani ya kando ya njia yamekauka, na katika mtaa mzima matuta yake matatu ndiyo pekee yaliyo mabichi, tena yamemwagiliwa maji. Ameandika karamu bila kujua. Aliyepanda wakati wa mvua, majani yakiwa tele kila mahali, hagawani na walaji wengi hivyo.

Basi afanye nini? Kwanza aamke mapema kabla ya kufagia, asome ardhi. Kila mgeni huacha cheti chake. Kuku huparura tuta na kudonoa majani, na vumbi alilooga laonekana. Mbuzi huchana na kung'oa, na kwato zake zabaki. Konokono huacha utando unaong'aa, na hula usiku. Mche ukikatwa sawasawa na ardhi na kulala palepale, chimba kwa kidole kando yake. Mara nyingi utamkuta sota amejikunja, kiwavi wa rangi ya udongo, na panya amesingiziwa bure. Mbegu zilizofukuliwa moja moja na maganda kuachwa juu ni kazi ya panya. Mmea ukinyauka ghafla na kung'oka bila mizizi, na karibu yake kuna kichuguu cha udongo mpya, huyo ni fuko. Matembele yakichimbwa chini na mwiba mrefu ukaachwa, hakuna haja ya kuuliza, ni nungunungu. Tumbili huja mchana, humega mara moja na kutupa. Nguruwe mwitu hupindua tuta zima kama aliyelima kwa trekta.

Akimjua, ndipo amfungie mlango wake. Kwa kuku na mbuzi dawa ni ua, wala hapana dawa nyingine. Matete na mianzi vyafaa, na visipopatikana hata matawi ya miiba juu ya kitalu yatawazuia kuku hadi miche ipate nguvu. Sota huokotwa kwa mkono. Konokono huokotwa jioni kwa taa, au huwekewa ubao wenye unyevu wajifiche chini yake, asubuhi wakusanywe. Nyanya zichumwe zikianza tu kubadili rangi, ziivie ndani, na ndege hatapata cha kutoboa. Kwa panya, kazi kubwa ni kufyeka majani ya pembeni na kuondoa marundo ya matofali na kuni, kwa kuwa panya haoni raha kukatiza mahali peupe. Mtego wa kubana, au ndoo iliyofukiwa yenye maji kidogo, hukamata panya bila kumgusa kuku wa jirani, almuradi mtego uwekwe chini ya kifuniko na ndoo isiwe mahali watoto wanapocheza. Wapo wanaofunika kitalu kwa chandarua kilichochakaa. Chandarua kizima mahali pake ni kitandani, nasi tutaeleza hapo mbele kwa nini twalisema hili kwa nguvu.

Tena asimfukuze bundi. Twajua habari zinazosemwa juu ya ndege huyo, na wengi wetu tumelelewa tukiogopa sauti yake juu ya paa. Lakini bundi hula panya usiku kucha bila mshahara, na mwenye bustani hana mlinzi bora kuliko huyo. Mtu anayemrushia mawe bundi, kisha akanunua sumu ya panya, amemfukuza mlinzi na kuajiri mwuaji.

Visiwani tuna mfano unaofanana na huo. Wachumaji wetu humlaani majimoto, na ni haki yao, maana hapana aliyepanda mkarafuu asing'atwe. Lakini mapema katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu M. J. Way alimchunguza majimoto hapa Unguja, na ikadhihirika kwamba minazi yenye majimoto hulindwa na mdudu afyonzaye nazi changa. Mgeni mwenye ukali juu ya mti mmoja alikuwa askari juu ya mti mwingine.

Mfano wa pili ni wa kima punju wa Jozani. Wakulima wa minazi walilalamika kwamba kima wanakula vidaka na kuwatia hasara. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, wakahesabu mti kwa mti, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Walikuta kwamba kuliwa kwa vidaka hakukupunguza mavuno ya mwisho. Minazi iliyoliwa zaidi ilivunwa vizuri vilevile, au zaidi, kwa kuwa mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kukomaza. Hatusemi kwamba kima hana hasara kwa mazao mengine, wala kwamba mkulima alikuwa mwongo. Aliona kidaka kikiliwa, na kweli kililiwa. Lakini kuona si kuhesabu. Twamwomba binti yetu naye ahesabu: miche mingapi ilipandwa, mingapi imebaki, na fungu ngapi za mboga zimeingia jikoni. Aandike katika daftari. Huenda akaona kwamba hasara ni robo ya tuta, si bustani nzima, na robo ya tuta haistahili sumu.

Na hata panya asidharauliwe kama kiumbe kisicho na faida. Panya buku, yule mkubwa mwenye mashavu ya kubebea chakula, ndiye anayefundishwa hapo Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alifanya kazi ya kutafuta mabomu Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na chama cha PDSA cha Uingereza. Panya buku akiingia bustanini bado ni mwizi, nasi hatusemi aachiwe. Twasema tu kwamba tatizo ni mahali alipo.

Sasa twende nje ya mji, maana mtu akikaa Ifakara hawezi kuwaza bustani yake peke yake. Watu wengi wa Ifakara wana mashamba ya mpunga mbali na nyumba zao. Msimu ukifika huhamia huko kwa wiki nyingi, wakalala katika vibanda na madungu, mchana wakiamia ndege na usiku wakifukuza nguruwe. Ulinzi huo una gharama yake. Anayekesha shambani hukesha na mbu, na watoto wanaochukuliwa kuamia ndege huacha shule. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo chanzo chake ni maabara iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950, imechunguza malaria katika bonde hilo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa viliposambazwa katika Kilombero na Ulanga, kunusurika kwa watoto wadogo kulionekana kuongezeka kwa asilimia 27 miongoni mwa waliovitumia. Ndiyo sababu twasema chandarua kizima kisifunike mchicha, na kwamba anayekwenda dunguni aende nacho.

Huko kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, mgeni ni tembo. Kwa tembo ua wa matete ni mzaha. Wapo wakulima huko, kama walivyo wenzao wa Sagalla karibu na Tsavo nchini Kenya, waliofunga mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, mzinga hadi mzinga kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huondoka. Si kila usiku hufaulu, na nyuki nao wataka kutunzwa, lakini mkulima hupata asali katika ulinzi wake, jambo ambalo sumu haijapata kumpa mtu. Mnyama mkubwa akiharibu shamba, njia ya halali ni kumwita Bwana Nyama, yaani afisa wanyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 mtu hana ruhusa ya kuua mnyama wa pori ovyo. Ipo kanuni ya mwaka 2011 ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali. Jina lenyewe lajieleza: ni kufuta jasho, si kulipa hasara. Serikali inayotaka raia amvumilie tembo yapaswa kukifikisha kifuta jasho hicho kabla mkulima hajauza mbuzi wake kununua chakula.

Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa bustani jembe hashiki, ndiyo maana watu hukimbilia sumu. Lakini katika bonde la Kilombero swali la nani mgeni si jepesi. Ardhi oevu ile iliwekwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi zenye thamani kwa dunia nzima. Ilikuwa na makundi makubwa ya sheshe, paa wa mabondeni ambaye huonekana mahali pachache sana Afrika Mashariki. Mpunga, miwa na malisho vimesogea, sheshe wamepungua sana, na njia za tembo kati ya Udzungwa na nchi ya Selous zimezibwa moja baada ya nyingine. Hatumlaumu mkulima anayelisha watoto wake. Twasema tu kwamba mnyama anayeingia bustanini mara nyingi afuata njia aliyoijua kabla ya bustani.

Ndugu wanachama, mtauliza haya yatuhusu nini sisi wenye mikarafuu. Yatuhusu sana. Mkarafuu mchanga hukungojesha miaka sita hata minane kabla ya kuchuma, na hata mkubwa hauzai sawa kila mwaka. Katika miaka ya ukame wa mavuno, jiko halingoji. Nyanya na vitunguu kutoka Bara hushushwa bandarini kwetu, nasi twavinunua kwa fedha za karafuu tulizoahidi kulipia karo. Matuta matatu uani yangeweza kupunguza gharama hiyo, kwa maana mchicha waliwa kwa wiki tatu au nne tu tangu kupandwa. Lakini anayeanza akishindwa mara ya kwanza kwa sababu ya kuku wa jirani, huacha kabisa. Asiyeacha hununua sumu. Twataka awepo wa tatu: anayeanza kwa tuta moja aliloweza kulizungushia ua, akamjua mlaji wake, kisha akaongeza la pili.

Kwa hiyo, mwanetu wa Viwanja Sitini, kopo la dawa lirudi dukani, au lisinunuliwe. Jenga ua kwanza, fyeka pembeni, tega mitego, panda tena mchicha mara tu ua ukisimama, na ongea na jirani yako kuhusu kuku wake kabla hujamhukumu yeyote. Jirani aliyekushauri alitaka kukusaidia; mpelekee fungu la matembele na umweleze kwa nini hukufuata shauri lake. Kisha utuandikie hesabu ya daftari lako mvua za vuli zikianza, nasi tutaichapisha hapa. Wanachama wenye njia zao za kuzuia panya, kima au kunguru bila sumu, twawaomba nao waandike, hasa wa Wete, Mkoani na Micheweni, ambao hatujasikia kutoka kwao muda mrefu.